Usaha wa Jipu la Njia ya Haja Kubwa Unastahili Kufika Maabara

Jipu linalotokea kando ya njia ya haja kubwa ni ugonjwa ambao watu wengi huuficha mpaka washindwe kuketi. Katika maabara ninayofanyia kazi hapa Dodoma, usaha wa majipu ya kwapani, ya titi na ya mguu huletwa mara kwa mara, lakini ule wa jipu la sehemu hii hufika kwa nadra, kwa sababu mara nyingi humwagwa pale pale jipu lilipopasuliwa, pamoja na pamba na glavu zilizotumika. Nimeamua kuandika juu ya usaha huo kwa kuwa unaweza kutusaidia kujibu swali ambalo mgonjwa huondoka nalo na kukaa nalo kwa miezi kadhaa: je, jipu hili limekwisha, au limeacha njia ndani yangu?

Njia ninayoisema ni fistula. Kwetu Tanzania wengi wakisikia fistula hufikiria fistula ya uzazi, ile inayompata mama baada ya uchungu wa muda mrefu bila msaada. Ninayoizungumzia hapa ni nyingine kabisa. Fistula ya njia ya haja kubwa ni mfereji mwembamba unaoanzia ndani, kwenye ukuta wa njia ya haja, ukapenya katikati au kando ya misuli na kutokea kwenye ngozi ya makalio. Huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengi wao ni watu walio katika umri wa kufanya kazi. Madaktari wa upasuaji hukadiria kwamba katika kila watu 100 waliopata jipu la sehemu hii, kati ya 30 na 50 huishia kuwa na fistula. Hicho si kiwango kidogo, na kinatosha kumfanya mtu aulize mapema badala ya kungoja nguo zianze kulowa.

Ili kuelewa kwa nini usaha unaweza kusema lolote juu ya fistula, ni lazima kwanza tuone jipu linaanzia wapi. Ndani ya njia ya haja kubwa, kiasi cha sentimita 2 kutoka nje, upo mstari ambapo ngozi ya nje hukutana na utando wa utumbo. Kwenye mstari huo mna vijishimo vidogo, na ndani ya vijishimo hivyo hufungukia vijitezi vinavyotoa ute. Baadhi ya vijitezi vimezama mpaka katikati ya misuli miwili ya kubana haja, yaani ule wa ndani unaojibana wenyewe bila sisi kujua na ule wa nje tunaoubana kwa hiari. Kijitezi kikiziba, bakteria wa kinyesi hunaswa ndani yake, usaha hujikusanya, na kwa kuwa hauna pa kutokea, huanza kujipenyeza upande wowote wenye upinzani mdogo mpaka unapofika chini ya ngozi na kuvimba. Hapo ndipo mgonjwa anapoona jipu. Daktari akilipasua, au likipasuka lenyewe, tundu la nje linapatikana. Lakini tundu la ndani, pale kwenye kijitezi, huenda bado liko wazi, na kila siku linapokea vimelea vipya kutoka kwenye kinyesi. Matundu mawili yakishaunganishwa na mfereji mmoja, hiyo ni fistula.

Maelezo haya yalipata nguvu kubwa kutokana na kazi ya Alan Parks, daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Mark's ya London, aliyoichapisha mwaka 1961. Mwaka 1976 yeye na wenzake walizipanga fistula katika makundi manne kwa kuangalia zinavyopita kwenye misuli ya kubana haja, na mpangilio huo unatumika mpaka leo. Hospitali hiyo yenyewe ilianzishwa mwaka 1835 na daktari Frederick Salmon ili kuwatibu maskini wa London waliosumbuliwa na fistula na magonjwa mengine ya sehemu hiyo. Mimi hulitaja jambo hili kwa wagonjwa wanaodhani kwamba aibu hii imewapata wao peke yao, kwa maana watu wamekuwa wakiugua, wakiona haya na wakitibiwa ugonjwa huu tangu zamani sana.

Si kila jipu la sehemu hii, hata hivyo, limetoka kwenye vijitezi vya ndani. Mengine ni majipu ya kawaida ya ngozi yaliyoanzia kwenye shina la unywele au kwenye mkwaruzo, sawa na jipu la shingoni, isipokuwa yameotea mahali pabaya. Kwa nje majipu haya mawili hufanana: yote ni mekundu, ya moto, yanauma na yamejaa usaha. Tofauti ni kwamba jipu la ngozi halina mdomo wowote ndani ya utumbo, kwa hiyo likishatolewa usaha likapona, limepona. Jipu la kijitezi lina mzizi ndani. Na kwa kuwa ngozi na utumbo vina wakazi tofauti, ndipo maabara inapoweza kusaidia.

Usaha ukinifikia katika hali nzuri, kwanza ninapaka kidogo kwenye kioo, ninakausha na kutia rangi ya Gram, kisha ninaangalia kwenye hadubini. Nikiona vijiduara vya zambarau vilivyokusanyika mfano wa kichala cha zabibu, ninaanza kufikiria bakteria wa ngozi aitwaye Staphylococcus aureus. Nikiona vijiti vya rangi ya waridi, au mchanganyiko wa maumbo mengi katika eneo moja la kioo, mawazo yangu huhamia kwenye utumbo. Baada ya hapo ninautandaza usaha kwa kitanzi cha waya juu ya sahani ya agari ya damu na sahani ya agari ya MacConkey (agari ni chakula kilichoganda cha kuoteshea bakteria), na sahani hizo hulala ndani ya inkubeta, yaani kabati la joto, kwenye nyuzijoto 37. Asubuhi ya pili, Escherichia coli, ambaye ni bakteria wa utumbo, akiwepo, sahani ya MacConkey huwa na madoa makavu ya rangi ya waridi iliyokolea, kwa sababu bakteria huyo huchachusha sukari ya maziwa iliyomo kwenye agari. Staphylococcus yeye huota kwenye sahani ya damu, madoa yake yakiwa ya mviringo, laini, mara nyingi yenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Kisha huja kipimo cha kuthibitisha jina, na baada yake kipimo cha kujua dawa zinazomuua, ambacho huhitaji usiku mwingine. Kwa hiyo majibu kamili hayawezi kutoka siku hiyo hiyo. Mgonjwa ajiandae kwa siku 2 hadi 3.

Wapo pia bakteria wa utumbo wasiostahimili hewa, hasa wa kundi la Bacteroides, ambao harufu yao kali humtangulia hata aliyebeba chupa. Hawa ni muhimu sana katika suala la fistula, lakini kuwaotesha kunataka chombo maalumu kisicho na oksijeni, na maabara nyingi za hospitali zetu hazikifanyi kipimo hicho kama kazi ya kila siku. Ndiyo maana jibu lisemalo kwamba hakuna kilichoota halimaanishi kwamba hapakuwa na bakteria. Huenda walikuwepo wakafa njiani, au mgonjwa alikuwa amekwisha kumeza dawa kwa siku kadhaa kabla ya usaha kuchukuliwa.

Uhusiano kati ya aina ya bakteria na fistula ulionyeshwa wazi mwaka 1982 na daktari wa upasuaji wa Uingereza R. H. Grace na wenzake. Walichukua usaha wa wagonjwa wenye majipu ya sehemu hii, wakauotesha, kisha wakaangalia nani alikuwa na fistula. Miongoni mwa wale ambao usaha wao ulikuwa na bakteria wa utumbo, zaidi ya nusu walikuwa na fistula. Miongoni mwa wale waliokuwa na bakteria wa ngozi, fistula haikuonekana. Mwaka 1986 Grace alirudi kwenye suala hilo pamoja na mtaalamu wa vimelea Susannah Eykyn, wakasisitiza umuhimu wa kuwatofautisha Bacteroides wa utumboni hasa na jamaa zao wanaoishi kwingine mwilini. Ushauri uliotokana na kazi hizo ulikuwa mwepesi kuufuata: usaha ukiotesha bakteria wa ngozi peke yake, mgonjwa anaweza kutulizwa, ukiotesha bakteria wa utumbo, atafutwe fistula.

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana majibu haya yana nguvu isiyolingana pande zote mbili. Bakteria wa ngozi peke yake ni habari njema inayoaminika kwa kiasi kikubwa. Bakteria wa utumbo ni sababu ya kushuku tu, kwa kuwa sehemu yenyewe iko jirani na kinyesi, na vimelea wa utumbo wanaweza kuingia kwenye kidonda bila kuwepo mfereji wowote. Wapo wengi ambao usaha wao ulikutwa na Escherichia coli, wakapona, na hawakupata fistula maishani. Mwaka 1994 Lunniss na Phillips, nao kutoka St Mark's, waliandika kwamba usaha unaokutwa na daktari kati ya misuli miwili ya kubana haja wakati wa upasuaji unabashiri fistula vizuri zaidi kuliko kipimo cha maabara. Naikubali hoja hiyo bila kinyongo. Lakini upasuaji wa namna hiyo unataka daktari bingwa mzoefu, dawa ya usingizi na chumba cha upasuaji, na jipu la mtu wa Kongwa, Bahi au Manyoni kwa kawaida halipasuliwi katika mazingira hayo. Linapasuliwa kwenye chumba kidogo cha vidonda, kwa ganzi, na mhudumu anayetakiwa kumalizana na foleni nzima. Katika mazingira hayo kijichupa cha usaha kinachotumwa maabara kinakuwa na thamani ambayo huko London huenda kisiwe nayo.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao. Anaishi Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambako kwa miaka mingi amepakia na kushusha magunia ya mahindi sokoni. Alinipigia simu jioni moja, tukasalimiana, akazunguka kwanza kwenye habari za mvua na bei ya gunia, kisha akashusha sauti: "Mwanangu, nina jipu mahali ambapo siwezi hata kumwonyesha mke wangu." Kwa maelezo yake, lilikuwa limeanza kama uvimbe mgumu upande wa kushoto wa njia ya haja, akanunua dawa dukani, kwanza Amoxi (amoksilini), baadaye Flagyl (metronidazoli), maumivu yakapungua kisha yakarudi yakiwa makali zaidi. Mtu mwingine alikuwa amemwambia kwamba ni bawasiri na kumuuzia unga wa mizizi wa kujipaka. Nilimwambia, "Mjomba, usimeze tena kitu chochote. Panda basi kesho asubuhi uje Dodoma, na ukipanda usikalie upande huo." Alishuka kituo cha Nanenane akiwa amesimama njia nzima.

Dawa za kumeza haziponyi jipu lililokwisha kukusanya usaha, na jambo hili ningetamani kila muuza duka la dawa alieleze. Usaha umezungushiwa ukuta ambao damu haipiti vizuri, na dawa husafiri kwa damu. Kinachotakiwa ni kulipasua na kulitoa usaha mapema. Kungoja liive kunaupa usaha muda wa kuchimba zaidi kuelekea kwenye misuli. Dawa za antibiotiki zina kazi yake pale ambapo wekundu umesambaa mbali kwenye ngozi, mgonjwa ana homa na kutetemeka, au kinga yake ya mwili iko chini. Na mgonjwa wa kisukari akiona maumivu yanasambaa upesi, ngozi inakuwa nyeusi au korodani zinavimba, asingoje asubuhi, kwa sababu hali hiyo inaweza kuua kwa muda mfupi.

Daktari aliyempokea mjomba alikubali ombi langu la kuchukua usaha kabla ya kulifungua jipu kwa kisu. Alisafisha ngozi kwa dawa, akaacha ikauke, akaingiza sindano kwenye sehemu iliyolainika na kuvuta usaha mzito wa rangi ya udongo uliochanganyika na damu. Kiasi hicho cha usaha ndani ya bomba la sindano, kikiwa kimefunikwa vizuri na kuletwa mara moja, ni bora mara nyingi kuliko kijiti cha pamba kilichopitishwa juu ya kidonda, kwa sababu pamba huokota vimelea vyote vya ngozi na kinyesi vilivyo jirani na kuniletea majibu yasiyoeleweka. Tena hewa ikiwa kidogo ndani ya bomba, wale bakteria wasioipenda huweza kufika wakiwa hai. Kwenye fomu ya maombi daktari aliandika jambo ambalo kwa kawaida huachwa: mahali hasa lilipo jipu, kwamba ni mara ya kwanza, na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kumeza. Fomu isemayo "usaha" pekee hunifanya nifanye kazi gizani, maana Escherichia coli aliyetoka kwenye jipu la mguu na yule aliyetoka kando ya njia ya haja hawana maana moja.

Aliyeota kwa mjomba alikuwa Escherichia coli, na alikuwa sugu kwa amoksilini. Niliyasoma majibu hayo bila furaha, kwa sababu yaliniambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba zile dawa za dukani zisingeweza kumfaa, na kwamba jipu lake yaelekea lilitoka ndani.

Ni haki niseme kwamba miongozo mingi ya upasuaji duniani haimlazimishi daktari kuotesha usaha wa kila jipu la sehemu hii, na sababu zake ni za kweli. Majibu hutoka baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, matibabu makuu ni kisu, na wengi hupona bila kujali nani aliota. Miongozo hiyo hutaja wale ambao kipimo kinafaa zaidi: aliyerudiwa na jipu, ambaye kidonda hakifungi, mwenye VVU, mwenye kisukari au ugonjwa mwingine unaopunguza kinga, na yule anayeweza kuwa na bakteria sugu. Nikiitazama orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Dodoma, naona inawachukua wagonjwa wetu wengi. Watu wetu hufika wakiwa wamekwisha kupita kwenye duka la dawa, hivyo uwezekano wa usugu ni mkubwa; wengine hawajawahi kupima sukari; na akiondoka leo, huenda asirudi mpaka baada ya mavuno. Kwa maoni yangu, pale ambapo maabara ya kuotesha ipo na usaha umekwisha kupatikana, kuumwaga ni hasara. Faida yake kubwa, hata hivyo, si kuchagua kidonge. Faida ni kujua nani wa kumsisitizia arudi.

Kuhusu kama antibiotiki zikitolewa baada ya kupasuliwa zinaweza kuzuia fistula, wataalamu hawajaafikiana. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2011 haukuona kinga yoyote kwa waliopewa amoksilini yenye klavulaneti, ilhali ule wa Iran uliochapishwa mwaka 2017 uliona fistula zikipungua kwa waliopewa siprofloksasini pamoja na metronidazoli. Kwa hali hiyo, uamuzi ubaki kwa daktari aliyemwona mgonjwa. Ninachokiogopa ni mtu kusoma sentensi hiyo ya pili, akaenda dukani kununua dawa hizo mbili kwa nguvu zake, bila kupasuliwa na bila kupimwa, na kesho akawa na bakteria asiyesikia dawa hata moja kati ya tulizo nazo kwenye kabati.

Kifua kikuu nacho hakina budi kutajwa. Tanzania ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na kifua kikuu huweza kushambulia eneo la njia ya haja kubwa, hata kwa mtu ambaye hakohoi sana. Fistula yake huwa sugu: maji maji mepesi badala ya usaha mzito, matundu zaidi ya moja, kidonda chenye kingo zilizolegea kisichotaka kufunga, na mgonjwa anayekonda na kutoka jasho usiku. Kuotesha kwa kawaida hakumwoni bakteria huyu. Nitazame sahani zangu siku 3 au 10, sitamkuta. Ni lazima daktari aombe kipimo chake, iwe GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria huyo, ambayo hutoa jibu kwa takribani saa 2, au kuotesha maalumu kunakochukua wiki kadhaa. Kama kinachotumwa ni kipande cha nyama kutoka kwenye ukuta wa fistula, kigawanywe: kimoja kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kwa ajili ya kuangaliwa chembe chembe, na kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya vimelea, kwa sababu fomalini inawaua na hatuwezi kuwaotesha. Nimepokea vipande vingi vilivyozamishwa vyote kwenye fomalini, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa hulazimika kurudishwa kukatwa tena. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, na mgonjwa wa namna hii akipasuliwa mara tatu bila kupewa dawa hizo, kisu hakitamsaidia.

Baada ya jipu kupasuliwa, kidonda huachwa wazi. Mgonjwa hushauriwa kukalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni mara kadhaa kwa siku na kila baada ya kujisaidia. Najua kwamba maeneo mengi ya mkoa wetu maji hununuliwa kwa ndoo, hivyo nisisitize kuwa kiasi cha kufunika makalio kinatosha, na chumvi si lazima. Zamani shimo la jipu lilikuwa likijazwa kitambaa cha dawa na kubadilishwa kila siku kwa maumivu makali. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha waliojazwa na wasiojazwa, ukaona kujaza kunaongeza maumivu bila kupunguza fistula wala jipu kurudi. Mgonjwa anayeogopa kurudi kliniki kwa sababu ya kumbukumbu ya kitambaa hicho anaweza kumuuliza daktari wake kama kweli kinahitajika.

Dalili za fistula huja polepole. Kidonda kinafunga karibu chote, kinabaki kitundu kimoja kidogo chenye nyama nyekundu iliyotokeza, kinachovuja usaha au maji maji na kuchafua nguo ya ndani. Kikiziba, maumivu na uvimbe hurudi. Kikifunguka, nafuu hurudi. Mzunguko huo ukionekana baada ya wiki 6 hadi 8 tangu jipu lipasuliwe, hautaisha kwa dawa za kumeza wala kwa unga wa kupaka. Anayetangaza kwamba anatibu bawasiri na fistula kwa kopo moja, bila kumwangalia mtu wala kumgusa, hajui mfereji uko wapi wala umepita kwenye msuli gani.

Msuli ndio kiini cha tiba. Fistula iliyopita juu juu inaweza kufunuliwa yote kwa kisu na kuachwa ipone, na matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Ile iliyokata sehemu kubwa ya msuli wa kubana haja haiwezi kufunuliwa hivyo, kwa sababu mgonjwa atashindwa kuzuia kinyesi au hewa. Kwake daktari hupitisha uzi laini kwenye mfereji na kuuacha kwa majuma au miezi ili usaha uendelee kutoka, kisha hupanga upasuaji unaolinda msuli, mara nyingine baada ya picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili. Mgonjwa aliyewekewa uzi huo asiukate mwenyewe nyumbani akidhani umesahauliwa.

Mjomba aliambiwa kabla ya kuondoka kwamba majibu yake yanamtaka arudi hata kama atajiona mzima, na nakala ya majibu ikawekwa kwenye faili lake pamoja na daftari lake la kliniki. Alirudi baada ya wiki 7 akiwa na kitundu kinachovuja. Daktari bingwa aliyemwona hakuwahi kukutana naye, lakini alisoma majibu ya usaha kabla ya kumwangalia, akatafuta tundu la ndani kwa makini na akalipata. Mfereji ulikuwa wa juu juu, ukafunuliwa wote siku ya upasuaji. Kipande cha ukuta wake kililetwa kwetu kwenye maji ya chumvi, kikapimwa kifua kikuu na hakikuonekana. Sukari yake na kipimo cha VVU navyo vilifanywa, kwa ridhaa yake, vikawa salama. Kidonda kilijaa taratibu kuanzia chini kwenda juu kama inavyotakiwa, anabana haja na hewa kama zamani, na daktari amemkataza kubeba magunia mpaka amwone tena.